Karatasi ya Siku ya Kina Mama

Shule ya chekechea haiwezi kukaa wiki mbili bila sherehe. Mtu asiyefanya kazi huko hudhani tunafundisha vokali na kuhesabu mpaka ishirini, basi. Wapi! Kazi yetu kubwa ni kukata karatasi. Kuna Siku ya Rangi, ambapo watoto wote huja na nguo za manjano na lazima mmoja alie kwa sababu nyumbani walisahau wakamvisha kijani. Kuna Wiki ya Shamba, ambayo mwaka mmoja tulileta mbuzi na vifaranga sita, mbuzi akala herufi zote za ukutani kuanzia A hadi G. Kuna Siku ya Pajama, watoto wanaletwa na malapa na wanasesere wao huku walinzi wa ofisi za jirani wakituchungulia juu ya ua na kutucheka. Wakati wa Diwali nyanya ya mtoto mmoja alikuja na unga wa rangi, akapiga magoti sakafuni saa nzima akichora ua zuri ajabu, na watoto wangu wakalifuta lote kwa makalio yao kwa dakika moja. Yule bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Nazipenda sherehe hizo. Nasema mapema, kwa sababu nitakayoeleza yanaweza kumfanya mtu adhani nazichukia. Ni moja tu ambayo ikikaribia natamani kuomba ruhusa nikae nyumbani. Mwaka ule, baada ya Siku ya Kina Mama, mwanamke mmoja alipoteza kazi yake, na mtoto wa miaka minne akampoteza mtu aliyemlea tangu akiwa na miezi mitatu. Sababu ilikuwa karatasi moja. Niliiandika mimi, nikaibandika ukutani mimi.

Shule yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya kuishi watu, huko Hurlingham, katikati ya magorofa yaliyoota pande zote hata jua likawa linatufikia saa nne. Mimi natoka Kangemi kila asubuhi. Darasa langu lilikuwa la watoto wa miaka mitatu na minne, kumi na wanane, chumba kilichokuwa zamani sebule ya mtu, mahali pa kuotea moto pakiwa pamejengewa rafu za vitabu.

Chuoni nilifundishwa jambo moja nikalishika kama imani. Mtoto akishachora, unainama karibu naye, unamwambia, "Nieleze," kisha unaandika chini ya picha maneno yake yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Akisema simba anakunywa chai, unaandika simba anakunywa chai. Husahihishi, hurembi. Nilikuwa mkali sana kwa hilo. Mwenzangu wa darasa la wakubwa alikuwa na tabia ya kunyoosha maneno ya watoto, mpaka picha zote za darasa lake zikawa zinasema vitu vinavyofanana, na mimi nilimsema hadharani kwenye mkutano wa walimu. Nilimwambia anawanyang'anya watoto midomo yao. Nilijisikia vizuri nilipolisema.

Mtoto ninayemkumbuka alikuwa wa kike, mashavu tele, mbishi, mwenye sauti nzito isiyolingana na kimo chake. Darasa langu lilijaa watoto waliozungumza Kiingereza cha katuni, lakini huyu alizungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wazima, cha kulalamikia bei ya nyanya. Alikipata kwa yaya wake. Yeye alimwita anti, kama watoto wote wa Nairobi wanavyowaita wanawake wa kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye leso ya manjano kiunoni juu ya sketi. Ni mtu wa kwetu magharibi, kwa hiyo tulisalimiana kwa furaha zaidi ya kawaida. Waliishi gorofani, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na kila siku saa saba mchana alikuwa anakuja kumchukua na kumbeba mgongoni, mtoto mzima wa miaka minne.

"Huyu ni mkubwa sasa," nilikuwa namwambia. "Mwache atembee."

"Mwalimu, amechoka. Ametumia akili tangu asubuhi."

Mama mwenyewe nilimwona mara chache. Alifanya kazi katika ofisi moja Westlands, kwenye yale majengo marefu ya vioo. Baba sikuwahi kumwona na sikuuliza. Mama alikuja kwenye mikutano ya wazazi akiwa na simu sikioni, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya chai. Siku moja alinipita langoni bila hata kunisalimia. Mimi ni mtu wa kinyongo, sifichi. Lile la langoni nililiweka.

Wiki ya Kina Mama ilipofika tuliwapa watoto karatasi yenye kichwa "Mama Yangu". Juu wanachora, chini mwalimu anawauliza maswali na kuandika majibu. Karatasi zinabandikwa ukutani Alhamisi, Ijumaa kina mama wanakuja kunywa chai, na kila mmoja anatafuta yake. Ni siku tamu. Mmoja alisema mama yake ana miaka mia moja na anapenda simu. Mwingine alisema mama yake ana nguvu kwa sababu anaweza kufungua soda. Tulicheka mpaka machozi.

Halafu nikafika kwa yule wangu. Alikuwa amechora mtu mrefu, na katikati ya yule mtu amezungusha rangi ya manjano. Nilipoona ile manjano nilijua.

"Mama yako anapenda nini?"

"Chai ya majani mingi."

"Anakupikia nini?"

"Mrenda. Lakini nikikataa ananiambia, basi kula ugali na mchuzi ya jana."

"Mnafanyanga nini pamoja?"

"Ananibeba. Tunaimba. Nikianguka ananipulizia hapa." Akanionyesha goti.

"Anakuitanga nani?"

"Mwana wanje."

Hayo ni maneno ya kwetu. Ni kusema, mtoto wangu. Mama yake alikuwa mtu wa upande wa Mlima Kenya, hangeweza kuwa nayo.

"Na unajuaje anakupenda?"

Hakufikiri hata kidogo. "Juu nikiamka ako hapo."

Niliandika yote. Kisha nikamwuliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Huyu ni mama ama ni anti?"

"Ni anti," akasema, akaendelea kupaka rangi.

Ningeweza kumpa karatasi nyingine pale pale. Zilikuwapo, rundo zima, juu ya kabati. Ningemwambia, haya, sasa tuchore mummy wa ofisini, naye angemchora, maana hakuwa mtoto mkaidi wa kuchora. Sikufanya hivyo. Alhamisi tulipokuwa tunabandika, mwenzangu yule wa darasa la wakubwa aliisoma, akaing'oa, akaniletea.

"Hii usiweke."

"Ni maneno ya mtoto."

"Najua ni ya mtoto. Lakini mama yake anajua kusoma."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye akanyooshe za darasa lake, hili ni darasa langu. Nikairudisha ukutani, tena nikaiweka usawa wa macho.

Kwa miaka nimejitetea kwamba nilikuwa nalinda maneno ya mtoto. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka yule mama asome. Nilitaka mtu wa simu sikioni, aliyenipita langoni kama nguzo, asimame mbele ya ukuta wangu ajue nani anamlea mtoto wake. Nililitaka hilo, na ninaona aibu kuliandika hapa, lakini nisipoliandika hakuna maana ya kuandika mengine.

Ijumaa alikuja wa kwanza. Hilo lilinishtua. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, amesuka nywele upya, amevaa gauni la maua. Simu ilikuwa mfukoni. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, akanichekea, akasema, "Mwalimu, pole, sisi wengine mnatuonanga mara moja kwa mwaka." Nilianza kuona joto usoni. Nilifikiria kwenda ukutani kuiondoa, lakini wengine walikuwa wameanza kuingia, na chumba kile ni kidogo.

Watoto waliimba. Kisha kina mama wakaenda ukutani.

Alisimama mbele ya karatasi yake muda mrefu kuliko wengine. Kushoto na kulia kwake wenzake walikuwa wanapiga picha na kupiga kelele, "Eti miaka mia moja!" Yeye alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Akaniita kwa mkono.

"Hili neno ni la lugha gani?"

"Ni la kwetu," nikasema. "Magharibi."

"Maana yake?"

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akabandua gundi kwenye pembe zote nne bila kuichana karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. "Umeandika vizuri, mwalimu," akasema.

Tuna desturi siku hiyo kwamba kila mtoto humwosha mama yake mikono kwenye beseni na kumpaka mafuta. Nilimtazama binti yake akimpaka, kidole kwa kidole, ulimi nje kwa bidii. Mama hakuwa anatazama mikono. Alikuwa anaangalia utosi wa mtoto, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Alikunywa chai yote. Aliwaaga walimu mmoja mmoja, hata mimi.

Jumatatu saa saba alikuja msichana mgeni, kama miaka kumi na tisa, akiwa na picha ya mtoto kwenye simu ili asikosee. Mtoto alikataa kutoka. Alikaa kwenye ngazi na begi mgongoni akasema anangoja anti. Msichana akasema, "Anti ni mimi." Mtoto akamwambia, "Wewe si anti, wewe ni mtu." Tulimbembeleza nusu saa. Mwishowe alitoka akitembea kwa miguu yake, mbali na yule msichana, kwenye ukingo wa barabara, na mimi nikasimama langoni nikiwaangalia mpaka wakapinda kona.

Aliendelea kungoja. Kila siku saa saba alikuwa wa kwanza kuvaa begi. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitesa, maana mtoto anayelia unajua umfanyie nini. Alipunguza kusema. Ile sauti nzito ya kulalamikia nyanya ilienda ikapotea, na nilipoinama kando ya picha zake nikasema, "Nieleze," alikuwa ananiambia, "Ni rangi tu."

Muhula huo huo tukawa na wiki ya Watu Wanaotusaidia. Alikuja muuguzi na sindano isiyo na ncha, akaja mzima moto na kofia yake, na Alhamisi akaja askari polisi, mtu mzima, mpole, mwenye tumbo. Aliwaeleza watoto kazi yake, kisha akawaruhusu kuuliza. Walimwuliza kama bunduki yake ni ya kweli na kama yeye huoga. Mtoto wangu akainua mkono. Nilifurahi, maana hakuwa ameinua mkono kwa wiki nyingi.

"Wewe unatafutanga watu?"

"Ndio. Wakipotea tunawatafuta."

"Nitafutie anti."

"Anaitwa nani huyo anti?"

Akafikiri. "Anti."

Watoto wengine wakacheka, maana kila mmoja ana anti nyumbani. Askari naye akacheka bila ubaya, akatoa kijitabu, akaandika, akamwonyesha alivyoandika. Mtoto alikaa chini ameridhika. Mlangoni, nilipokuwa namsindikiza, askari aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo anti aliiba nini?" Nikasema hakuiba kitu. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kugawa maziwa.

Nilimtafuta mama kwenye mkutano wa wazazi. Alikuja bila simu, akakaa mbele. Nilingoja wenzake watoke, nikamwambia ile karatasi ilikuwa kosa langu, nikamwomba msamaha.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa sijui. Nimehamia kazi nyingine, sasa nafika nyumbani saa kumi, yule msichana ni wa mchana tu. Napika mimi. Namwogesha mimi." Akacheza na kifungo cha koti. "Ananiita mummy, anakula, hanisumbui. Lakini akianguka hanitafuti, mwalimu. Anakaa chini anajipulizia mwenyewe."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama haiwezekani kumrudisha yule mama wa kazi.

"Nimwangalie usoni vipi?" akasema. "Hajanikosea kitu. Sikumwambia hata kwa nini. Nilimwambia tu nitakaa na mtoto mwenyewe."

Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu mwaka mzima kwa sababu ya salamu moja. Nilimmiminia chai, tukainywa tukiwa tumekaa kwenye viti vile vidogo.

Mwisho wa mwaka mtoto alihamishwa shule. Sikupata kujua alikopelekwa.

Yule anti nilimwona miezi kadhaa baadaye, Jumamosi asubuhi, sokoni Kangemi. Alikuwa mbele yangu kwa muuza mboga, anachagua mrenda jani kwa jani. Nilitaka kupotelea kwenye watu, lakini aligeuka akaniona, akaniita kwa furaha mpaka wenye meza wakatazama.

"Mwalimu! Sasa?"

Alikuwa amekonda. Aliniambia anafulia watu nguo, kazi ya siku mojamoja, leo huku kesho kule, na kwamba amepata chumba kule bondeni. Hakulalamika. Aliuliza habari za mtoto kabla sijauliza zake. Ameongezeka? Bado anasinzia saa nne? Anakula mboga ama bado anasumbua? Nilijibu nilichokijua, mengine nikabuni. Halafu akasema, huku akijitahidi ionekane ni neno la kupita tu, "Mimi mpaka leo sijajua nilikosea wapi. Yule mama alikuwa mtu mzuri kwangu. Nilifikiria sana, labda ni vile nilivunja ile sahani ya kioo."

Miezi yote ile alikuwa anafikiria sahani.

Nikamwambia. Nilimweleza kila kitu pale kando ya meza ya mboga, watu wakitusukuma: picha, leso ya manjano, maswali, majibu yote. Nilipofika kwenye chai ya majani mingi aliangua kicheko, akajifunika mdomo. Nilipofika kwenye neno la kwetu aliacha kucheka. Nilipomwambia jibu la mwisho, aligeuza uso akaangalia upande wa barabara kuu. Akafuta macho kwa kiganja, mara moja, haraka, kama anafuta jasho.

"Na wewe ulijua si yeye?" akauliza.

"Nilijua."

"Ukaweka tu."

"Nikaweka."

Nilingoja anitukane. Kwa kweli nilitaka anitukane, ningepata kitu cha kurudi nacho nyumbani. Lakini yeye alikuwa anahesabu jambo kichwani, paji la uso limekunjamana, na alipofungua mdomo hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kama mtu wa kazi anavyozungumza na mwenzake wa kazi juu ya kitu kidogo kilichoharibika bure.

"Si ungeniambia tu, mwalimu, vile nilikuja kumchukua hiyo siku alichora. Tungeketi naye jioni moja, ningemfundisha vitu vya kusema kuhusu mama yake. Huyo mtoto anashika haraka."